Kompyuta ya Linux Ikigoma Nyumbani: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupiga Mfumo Upya

Microsoft walipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za mtumba zilibaki njia panda. Windows 11 inazikataa, lakini OptiPlex au ThinkPad ya mwaka 2014 bado ina nguvu ya kuandika barua, kumfundishia mtoto na kuendesha stesheneri. Ndiyo maana Linux Mint na Ubuntu, mifumo endeshi ya kutumia badala ya Windows, siku hizi unazikuta sebuleni Nkuhungu na Ipagala hapa Dodoma, si kwenye mabweni ya chuo kikuu cha UDOM tu. Shida inaanza mashine inapogoma. Inaganda katikati ya kazi, au inawaka na kuishia kwenye maandishi meupe juu ya giza, na mtu wa kwanza kuulizwa anatoa jibu alilolizoea tangu enzi za Windows: "Tuipige upya tu."

Kupiga upya kunafuta ushahidi. Kama diski ndiyo inayokufa, mfumo mpya unaupandisha juu ya diski ile ile, na baada ya muda mfupi mko palepale, safari hii bila picha za harusi. Kama ni umeme wa nyumba, hakuna toleo la Linux litakaloutengeneza. Ilhali Linux inaandika karibu kila kinachoipata, na maandishi hayo yako wazi kwa mwenye mashine. Soma kwanza, futa baadaye.

Kwa mji huu nina mpangilio ninaousimamia: umeme, vumbi, diski, halafu ndiyo programu. Wengi huanza na programu kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye skrini. Amri zilizomo humu ni za Mint, Ubuntu na Debian. Ukitumia Fedora, mahali pa apt (amri ya kusakinisha programu) weka dnf, mengine mengi yanabaki yalivyo.

Kabla hujagusa kitu

Piga picha skrini kwa simu. Ujumbe wa kosa ukipita haurudi ukiuita, na maelezo ya "iliandika kitu kirefu cheupe" hayamsaidii fundi yeyote. Kisha jiulize ni nini kilibadilika kabla ya tatizo: masasisho ya jana, RAM iliyoongezwa, umeme uliokatika, mtoto aliyevuta waya. Andika kwenye daftari. Na ukianza kurekebisha, badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na ikirudia utaanza upya.

Kifaa cha lazima ni flashi yenye mfumo unaojiendesha wenyewe. Flashi ya GB 8 inatosha, na faili la Mint ni kama GB 3, kwa hiyo lipakue usiku kwa bando la bei nafuu au mahali penye Wi-Fi. Liandike kwenye flashi kwa programu iliyomo ndani ya Mint yenyewe, au kwa balenaEtcher ukiwa kwenye Windows. Kisha washa kompyuta huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, na uchague flashi.

Itumie mashine hivyo kwa muda wa kutosha kuona kama tatizo linatokea. Likiendelea kutokea, mfumo wako hauna kosa, angalia vifaa. Likitoweka, basi ni mfumo uliosakinishwa au diski, kwa maana ukiwa kwenye flashi diski ya ndani haifanyi kazi kabisa. Hilo la diski watu husahau, wakashangilia kwamba vifaa ni vizima.

Umeme

Dalili kubwa ya tatizo la umeme ni mashine kuzima au kujiwasha upya bila kuaga. Programu inapoanguka huacha alama kwenye logi, yaani kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia. Umeme ukikatika, logi inakatika katikati ya sentensi. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

`last -x | head -20`

Pale mfumo ulipozimwa vizuri utaona neno shutdown. Pale ulipokatwa ghafla utaona neno crash kwenye mstari wa mtu aliyekuwa ameingia. Kisha soma mwisho wa logi ya safari iliyopita:

`journalctl -b -1 -e`

Alama ya `-1` ina maana ya uwashaji uliotangulia, `-2` wa kabla yake. Kuzima kwa heshima huishia na mistari ya huduma zinazosimamishwa moja baada ya nyingine, na wa mwisho kabisa mara nyingi husema "Journal stopped". Ukikuta mstari wa mwisho ni jambo la kawaida, mathalani Wi-Fi ikihuisha anwani saa 1:42 usiku, halafu kimya, basi nguvu ilikatwa. Waulize wa nyumbani kama saa hiyo taa zilififia, jokofu liliwaka, au jirani alikuwa anachomelea mageti. Ukiona inatokea nyakati za jioni wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi, jibu unalo.

Umeme wetu ni volti 230, lakini unapofika kwenye ekstensheni ya bei chee iliyoshikilia televisheni, king'amuzi, feni na kompyuta, hicho si kitu cha kukitegemea. Ichomeke kompyuta peke yake ukutani ujaribu kwa siku kadhaa. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika, hata ile ndogo ya VA 650, kwa ajili ya dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Betri yake ni ya risasi na asidi na huchoka baada ya miaka michache, hivyo UPS iliyokaa kabatini tangu ofisi ilipohama Dar es Salaam usiiamini bila kuijaribu: chomoa plagi yake ukutani uone inashikilia au inakata.

Mwenye kompyuta mpakato anayo UPS ndani, mradi betri ipo. Hali yake unaiona hivi:

`upower -d`

Tafuta mstari wa capacity. Asilimia 80 ni nzuri kwa mashine ya mtumba. Ikiwa chini ya 40, usishangae ikizima ghafla huku ikidai ina nusu. Kuna watu huondoa betri kabisa wakatumia chaja peke yake wakidhani wanaitunza. Kwa umeme wa kukatika-katika huko ni kuiua diski taratibu.

Ukigusa kasha la chuma la kompyuta likakutekenya au likakupiga kidogo, nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi, au plagi imechomekwa kwenye soketi ya pini mbili. Chujio lililomo ndani ya pawa saplai humwaga umeme mdogo kwenye ardhi, na ardhi isipokuwepo umeme huo unabaki kwenye kasha. Mwite fundi umeme, si fundi kompyuta. Na mvua za kwanza za Desemba zinapoanza kunguruma, kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi, na kama una ruta yenye waya unaotoka nje, chomoa na huo.

Vumbi na joto

Anayeishi Dodoma haelezwi vumbi ni nini. Kuanzia Julai mpaka mvua zinyeshe, upepo unalipitisha chini ya mlango hata ukiweka kitambaa, na feni ya kompyuta inalivuta lote. Linaganda kati ya mapezi ya bamba la kupoozea prosesa mpaka linakuwa kama blanketi. Dalili zake ni feni inayovuma kama haina breki, mashine kuwa nzito baada ya nusu saa japo asubuhi ilikuwa nyepesi, na mwishowe kujizima.

Pima kabla ya kufungua:

`sudo apt install lm-sensors`
`sudo sensors-detect`
`sensors`

Kwa maswali ya amri ya pili bonyeza Enter kukubali majibu yaliyopendekezwa. Prosesa iliyopumzika ikiwa kati ya nyuzi 40 na 55, ni sawa kwa hali yetu ya hewa. Ikifanya kazi nzito, 70 hadi 85 inavumilika. Ikigusa 95, inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na Linux inaandika. Itafute alama hiyo:

`sudo dmesg -T | grep -i throttled`

Ukipata mistari inayosema "above threshold", zima mashine, chomoa waya na betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, ukaifungulie nje barazani. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na blowa. Shika mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza. Feni ikizungushwa kwa upepo mkali inaweza kuvunjika beringi na hata kuzalisha umeme wa kurudi kwenye mazabodi. Kifyonza vumbi cha kapeti usikiingize humo, kinatengeneza umeme tuli.

Umeme tuli si hadithi huku kwetu. Miezi ya Juni na Julai hewa ni kavu mpaka sweta linatoa cheche ukilivua gizani, na cheche hiyo hiyo inaweza kuua RAM. Kabla ya kugusa chochote ndani, shika chuma kisichopakwa rangi cha kasha, na urudie kila unapoinuka ukarudi.

Kama joto halijashuka baada ya kusafisha, dawa ya joto iliyo kati ya prosesa na bamba lake imekauka. Futa ya zamani kwa pamba na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha bamba kwa kukaza skrubu kwa mshazari. Kwa mpakato kazi hii inataka utulivu, na kama hujawahi kufungua moja, mpe anayejua. Nyumba nyingi zina kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya kila chombo cha umeme. Kwa redio sawa, kwa kompyuta kinaziba matundu ya hewa. Mama akikirudisha, mwambie kwa adabu akihamishie kwenye meza.

Ukiwa umeshafungua, chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, ondoa mabaki, irudishe mpaka usikie vishikizo vikilia. Kompyuta inayowaka feni bila kuonyesha picha, au inayopiga milio, mara nyingi huamkia hapo.

Diski

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu mashine inaweza kununuliwa tena, mafaili hayanunuliki. Mashine za mtumba huja na diski zilizozunguka kwa miaka ofisini Ulaya kabla ya kupanda meli. Diski yenyewe inahesabu saa ilizofanya kazi na majeraha yake, na unaweza kuiuliza:

`sudo apt install smartmontools`
`lsblk`
`sudo smartctl -a /dev/sda`

Amri ya `lsblk` inakuonyesha jina halisi la diski yako. Inaweza kuwa sda, sdb, au nvme0n1. Katika majibu, mstari wa PASSED usikulaze usingizi, diski nyingi hufa zikiwa zimepasi. Shuka chini kwenye jedwali utazame safu ya mwisho. Reallocated_Sector_Ct ni sehemu zilizoharibika zikabadilishwa na za akiba. Current_Pending_Sector ni zinazoshindwa kusomeka hivi sasa, zinazosubiri hukumu. Offline_Uncorrectable ni zilizoshindikana. Zote tatu zikiwa sifuri, pumua. Ya pili ikiwa juu ya sifuri, acha kila kitu, nakili mafaili leo, kisha endelea kusoma.

UDMA_CRC_Error_Count ni jambo jingine kabisa. Hiyo ikipanda huku nyingine ni sifuri, diski haina kosa, waya wa data ndio umelegea au umechoka. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa kosa la waya. Badilisha waya kwanza, uone kama namba inaendelea kupanda. Haitashuka, kwa sababu ni hesabu ya jumla.

Kwa SSD za NVMe tazama Percentage Used na Media and Data Integrity Errors. Ya pili inatakiwa iwe sifuri.

Logi nayo inalia diski ikiumwa:

`journalctl -k -b | grep -iE "i/o error|ata[0-9]"`

Mstari wa "I/O error, dev sda, sector" ukifuatwa na namba ndefu, ukijirudia, ndiyo maana mashine inaganda kwa nusu dakika halafu inaendelea: inasubiri sehemu isiyosomeka. Watu huita hali hiyo "Linux nzito" wakaongeza RAM, fedha ikaenda bure.

Kunakili kutoka kwenye diski mgonjwa, tumia ile flashi. Iwashe mashine nayo, chomeka diski ya nje, nakili kwanza vile visivyopatikana popote: picha, hati za shule, vitabu vya hesabu vya biashara. Filamu baadaye. Diski ikiwa mahututi usiinakili faili kwa faili, sakinisha gddrescue uchukue taswira nzima, yaani nakala ya diski yote kwa mkupuo, kwenye diski kubwa zaidi, kisha fanyia kazi taswira hiyo. Diski ikigonga-gonga kwa sauti ya chuma, izime. Kila dakika inayowaka inapunguza kitakachookolewa.

Umeme ukikatika wakati diski inaandika, unaweza kuamka na skrini nyeusi yenye neno `(initramfs)` na mshale unaosubiri. Inatisha kuliko ilivyo. Juu yake kidogo utaona maneno "UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY" pamoja na jina la kizigeu, yaani kipande cha diski, mathalani /dev/sda2. Amri ya fsck hukagua na kukarabati mpangilio wa mafaili. Ifuatishe na jina hilo hilo ulilolisoma:

`fsck -y /dev/sda2`
`exit`

Kwa ext4, mpangilio wa mafaili ambao Mint na Ubuntu huuweka kwa kawaida, mara nyingi mfumo unarudi. Lakini kama umewahi kuona Pending_Sector juu ya sifuri, nakili mafaili kwa flashi kabla ya kuamuru fsck, maana ukarabati huandika, na diski inayokufa haipendi kuandikiwa. Kamwe usiendeshe fsck kwenye kizigeu kinachotumika.

Diski iliyojaa nayo huvaa sura ya ugonjwa. Unaandika nywila, skrini inapepesa, inakurudisha kwenye nywila. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi, ingia, andika `df -h`. Mzizi, yaani mstari unaoishia na alama ya `/` peke yake, ukiwa asilimia 100, fanya nafasi:

`sudo apt clean`
`sudo apt autoremove`
`sudo journalctl --vacuum-size=200M`

Kama nafasi ipo na bado unarudishwa, tazama `ls -l ~/.Xauthority`. Likiwa mali ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, kuna siku programu yenye dirisha iliendeshwa kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root. Lirudishe kwako kwa `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`. Ctrl+Alt+F7 itakurudisha kwenye picha kwa Mint. Kwa Ubuntu jaribu F1 au F2.

RAM na betri ndogo ya saa

RAM mbovu inatoa makosa yasiyo na mpangilio: leo kivinjari, kesho masasisho, kesho kutwa mfumo mzima. Sakinisha memtest86+, izime mashine, iwashe, uichague kwenye orodha ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujawaka. Iache usiku kucha, kwa UPS. Kosa moja tu jekundu linatosha kuhukumu. Hapo chomoa vijiti uvipime kimoja kimoja.

RAM ndogo ni suala tofauti. Kwa GB 4 na vichupo kumi na vitano vya kivinjari, Linux itaua programu moja ili iokoe nyingine, na logi itasema "Out of memory: Killed process". `free -h` itakuonyesha. Usiitazame safu ya free, tazama available.

Betri ya CR2032 kwenye mazabodi inasumbua watu kuliko inavyostahili. Ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma. Mashine inawaka ikidhani ni 2012, kisha tovuti zote zinakataliwa kwa sababu ya vyeti vya usalama, na apt inalalamika kwamba faili la Release "is not valid yet". Mwenye mashine anadhani bando limeisha. Andika `timedatectl`, tazama tarehe. Betri hiyo ni ya volti 3, inauzwa hata kwa mafundi saa wa Majengo, na kuibadilisha ni kazi ya kidole. Kisha:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Kama una Windows na Linux kwenye mashine moja na saa inaruka kwa saa tatu kila unapohama, betri ni nzima. Windows inahifadhi saa ya hapa, Linux inahifadhi ya UTC, na tofauti yetu na UTC ni saa tatu. `sudo timedatectl set-local-rtc 1` itawapatanisha.

Sasa programu

Umeme umekatika katikati ya masasisho? Hilo ndilo kosa la programu linalotokea zaidi huku, na dawa yake ni ya mistari mitatu kwa mpangilio huu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`
`sudo apt update`

Ukiambiwa "Could not get lock", kuna programu nyingine ya masasisho inaendelea. Subiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli upo kila mahali mtandaoni na ni mbaya: ukilifuta wakati kazi inaendelea, unavuruga kumbukumbu za vifurushi vyote.

Mashine isipofika kwenye picha baada ya kusasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, iwashe ukibonyeza Shift au Esc mpaka orodha ya GRUB itokee, ingia "Advanced options", chagua kerneli iliyoitangulia. Ikiwaka, tumia hiyo kwa sasa. Ikibaki nyeusi, rudi GRUB, simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza `nomodeset` mwishoni, kisha F10. Ukipata picha, hata iwe pana vibaya, draiva ya kadi ya picha ndiyo yenye shida. Nenda kwenye kisimamia draiva cha Mint ubadilishe.

Kama Timeshift, programu ya kuhifadhi hali ya mfumo, ilikuwa imewekwa, rudisha mfumo wa juzi. Inaweza kuendeshwa hata kutoka kwenye flashi. Ila kwa kawaida Timeshift haigusi mafaili yako binafsi, kwa hiyo usiihesabu kama nakala ya picha na hati.

Programu moja ikigoma peke yake, iendeshe kutoka terminali kwa jina lake usome inacholalamikia. Njia ya haraka zaidi ni kutengeneza mtumiaji mwingine kwa `sudo adduser jaribio` na kuingia naye. Ikifanya kazi kwake, mfumo ni mzima, mipangilio iliyofichwa kwenye folda lako ndiyo imevurugika. Badili jina la folda la programu hiyo ndani ya `.config`, usilifute.

Wi-Fi. Kadi za Broadcom zilizomo kwenye Dell na HP za zamani huhitaji draiva ambayo haiji na mfumo, na ili uipakue unahitaji intaneti, ambayo huna. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, na Linux itaiona bila kusakinisha chochote. Kisha:

`lspci -k | grep -A3 -i network`
`rfkill list`

Amri ya kwanza inaonyesha kadi na draiva inayoitumia. Usipoona mstari wa "Kernel driver in use", draiva haipo, fungua kisimamia draiva. Ya pili ikisema "Hard blocked: yes", kuna swichi ubavuni mwa mpakato au kitufe cha Fn kimezima redio ya Wi-Fi, na hakuna amri itakayoiwasha.

Ukiwa umeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, pima hatua kwa hatua: `ping -c 4 1.1.1.1`, halafu `ping -c 4 wikipedia.org`. Ya kwanza ikipita na ya pili ikikwama, kinachogoma ni DNS, huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Weka DNS ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya muunganisho. Zote zikikwama, angalia salio la bando kabla ya kulaumu Linux. Na kwa kuwa wengi tunatumia hotspoti, iambie mashine kwamba mtandao huo unalipiwa kwa MB:

`nmcli connection modify "JinaLaHotspoti" connection.metered yes`

Masasisho ya kimyakimya ya Ubuntu yataheshimu hilo.

Sauti ikipotea, fungua pavucontrol uone inatokea mlango gani, maana mara nyingi imeelekezwa kwenye HDMI. La sivyo `systemctl --user restart pipewire wireplumber` huirudisha kwenye Mint 22.

Ikiganda kabisa

Usikimbilie kitufe cha kuzimia. Jaribu Ctrl+Alt+F3 kwanza, subiri hata dakika nzima. Ukiingia, `top` itakuonyesha nani anakula mashine, nawe unaweza kumuua kwa namba yake. Kama kibodi haijibu kabisa, shika Alt na SysRq, yaani kitufe cha PrtSc, kisha bonyeza S, subiri kidogo, U, subiri, B. Herufi hizo zinaandika kilichobaki kwenye diski, zinaifunga, kisha zinawasha upya. Mpangilio wa kawaida wa Ubuntu unaziruhusu hizo tatu. Baada ya kuwaka, rudi kwenye logi kabla hujafungua chochote:

`journalctl -b -1 -p err`

Ukihitaji msaada

Usipeleke mashine kwa maneno ya "haifanyi kazi." Andika `inxi -Fxz > mashine.txt`, chukua logi ya makosa kwa `journalctl -b -1 -p err > makosa.txt`, viweke kwenye flashi pamoja na zile picha za simu. Alama ya z kwenye inxi inaficha anwani za vifaa vyako, ila logi ipitie kwanza kabla ya kumpa mtu usiyemjua. Mwambie fundi wazi asifute diski bila ruhusa yako, na umuulize atapima nini kabla hujaacha mashine. Akijibu kwamba atapiga upya, na hajauliza hata diski ina hali gani, ichukue.

Kupiga upya kuna siku yake: diski ni mpya, au smartctl imeonyesha sifuri, RAM imepita usiku mzima, umeme umetulia, na bado mfumo umevurugika. Hapo fanya bila majuto, lakini chagua kugawa diski kwa mkono, tenga kizigeu cha `/home`, panapokaa mafaili yako, peke yake, GB 40 hivi za mfumo na zilizobaki zako. Mara nyingine ukihitaji kupiga upya utafuta hizo 40 tu. Hata hivyo nakili `/home` kwenye diski ya nje kabla ya kubonyeza Install.